Upande nini, umuuzie nani: viungo na mimea dawa kwa mwenye ekari mbili

Shemeji yangu ameachiwa na marehemu baba yake ekari mbili huko Amani, wilaya ya Muheza. Nusu ni migomba iliyochoka yenye mifenesi minne mikubwa kati yake, nusu ni kichaka. Jumapili moja akanipigia simu: "Shemeji, wewe unashinda na viungo kila siku. Niambie nipande nini. Jirani ananiambia vanila, mzee mmoja wa msikitini anasema mdalasini haumtupi mtu, na juzi kapita bwana na gari anaandikisha watakaolima mchaichai."

Nilimwomba wiki moja. Nimechukua zaidi, maana kila nikianza kumwandikia bei najikuta nazifuta. Bei ya leo Muheza mjini haimsaidii mtu atakayevuna baada ya miaka mitatu au saba. Nimefanya biashara hii miaka 14, nimenunua kwa kisado na nimenunua kwa gunia, na wengi niliowaona wakianguka waliangushwa na gari lililoahidi kuja lisije. Kwa hiyo mazao haya nimeyalinganisha kwa swali moja ambalo ningetamani mtu aniulize mimi siku naanza: mnunuzi asipotokea, mzigo wako utaufanyaje?

Yanayongoja na yasiyongoja

Pilipili manga iliyokaushwa vizuri unaitia kwenye gunia lenye mfuko wa plastiki ndani, unaliweka juu ya chaga mbali na ukuta, na mwaka unapita ikiwa bado pilipili. Karafuu ni hivyo hivyo. Mdalasini una neema zaidi: usipouvuna mwaka huu mti unaendelea kukua, yaani ghala lako ni shamba lenyewe. Mkulima wa mazao haya matatu akipewa bei ya kumdhalilisha anaweza kusema hapana, akaenda kulala.

Mchaichai hauna subira hiyo. Tani moja ya majani mabichi hutoa mafuta kama kilo 3 hadi 5 tu, kwa hiyo kuyasafirisha mbali ni kupakia maji. Lazima mtambo wa mvuke uwe jirani, na lazima ufanye kazi wiki ile ile majani yamekomaa. Faida yake ni kwamba unakata mara ya kwanza baada ya miezi minne hadi sita, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Ndiyo maana unavutia. Kikundi chetu kiliwahi kupanda ekari sita baada ya kuahidiwa mtambo. Mtambo ukaja kweli, ukafanya kazi miezi michache, halafu mwenye nao akaacha kupokea simu. Majani yakasimama mpaka yakawa kama makuti. Tulifyeka, tukatandaza chini ya migomba. Kina mama watatu walikuwa wameng'oa mihogo yao kupisha ule mchaichai, na jambo hilo bado linaniuma.

Lakini anayeishi Pemba karibu na Wawi ana hesabu nyingine. Pale Chake Chake kuna kiwanda cha makonyo, ambacho kazi yake kubwa ni kutoa mafuta kwenye vikonyo vya karafuu, na hukamua pia mchaichai na mkaratusi. Kiwanda kipo kwa sababu karafuu zipo, hakikujengwa kwa ajili ya mchaichai peke yake. Mmea ni ule ule, lakini wa Wawi una mlango wa kuingilia, na wetu ulipandwa kando ya barabara kusubiri gari.

Artemisia, mmea ambao majani yake hutoa artemisinini, kiini cha dawa za malaria, inafundisha jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipoanza mwaka 2001 kupendekeza dawa mseto za malaria, viwanda vilihitaji artemisinini kwa haraka, na wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda wakaingia. Katikati ya muongo ule kilo moja ya artemisinini ilivuka dola 1,000. Kila mtu duniani akapanda, China na Vietnam wakapanda zaidi, na kufikia 2007 ilikuwa imeshuka chini ya dola 200. Majani makavu ya artemisia hayana sokoni mtu mwingine wa kuyanunua isipokuwa mwenye kiwanda cha kuchuja kiini hicho. Na asije mtu akakushauri uyauze kama majani ya chai ya kutibu malaria: Shirika hilo hilo la Afya limekataa wazi matumizi ya mmea wenyewe kwa kinga au tiba, kwa kuwa kipimo cha dawa ndani ya jani hakitabiriki na vimelea vinaweza kujenga usugu.

Amani yenyewe ilishaliona jambo hili kabla babu zetu hawajazaliwa. Wajerumani walifungua pale kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakajaribu mikwinini, mikafuri na mamia ya mimea mingine. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia magome ya ile mikwinini yalitengenezwa kwinini ya askari wao. Vita ilipokwisha, mhitaji yule aliondoka na haja yake.

Vanila

Hii naipa nafasi yake kwa sababu ndiyo inayowasha watu macho.

Vanila inawezekana Usambara, kama inavyowezekana Kagera, Kilimanjaro na Morogoro. Inataka kivuli cha wastani, mti wa kutambalia, na mikono. Ua linafunguka asubuhi moja tu, na kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo unapita na kijiti ua kwa ua. Ujuzi huo tunaudaiwa na Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion aliyegundua namna ya kuchavusha vanila kwa vidole mwaka 1841 akiwa na miaka 12. Baada ya kuchavusha unangoja kama miezi tisa podo likomae. Kisha kilo 5 hadi 6 za mapodo mabichi hutoa kilo moja iliyotolewa jasho na kukaushwa kwa miezi kadhaa.

Sasa uliza swali letu. Podo bichi lililokomaa hukaa siku chache tu. Kama mwenyewe hujui kulichemsha kidogo, kulifunika litoe jasho, kulianika na kulilaza kwenye sanduku, basi uko mikononi mwa mwenye kujua. Ukijua, mambo yanageuka: vanila iliyokaushwa vizuri hukaa miaka na inabebeka begani. Kwa hiyo zao hili hili ni baya kwa mtu mmoja na ni zuri kwa mwingine, na kinachowatenganisha ni ujuzi wa kukausha.

Halafu kuna mwizi na kuna bei. Madagaska ndiyo inayoamua bei ya dunia, kimbunga kikipiga kule wewe huku unatajirika, kikipita kando unarudi chini. Mwaka 2018 bei ilikuwa juu mno. Serikali ya Madagaska ikaweka kima cha chini cha dola 250 kwa kilo mwaka 2020, mzigo ukalundikana, na 2023 ikakiondoa. Bei ikaporomoka. Waliopanda kwa bei ya 2018 wamevuna kwa bei ya 2023.

Hofu ya mwizi humfanya mkulima achume podo changa, na podo changa halina harufu. Uganda walichoka na hilo, serikali yao sasa hutangaza tarehe za kuanza kuvuna kila msimu, na anayekutwa na vanila kabla ya tarehe ana maelezo ya kutoa. Kwetu hatuna utaratibu wenye meno kama huo. Kagera wana neno butura, kuuza zao likiwa bado ua mtini kwa sababu ada ya shule haingoji. Lilianza kwenye kahawa, lakini vanila ina kila sababu ya kupita njia ile ile.

Ushauri wangu kwa mwenye ekari mbili: vanila miche 40 au 50 karibu na nyumba, mahali mbwa wako anaposikia. Si shamba zima.

Miti ya Usambara

Iliki ilijenga nyumba nyingi za Amani. Lakini ililimwa chini ya msitu wa asili, mimea ya chini ikafyekwa, udongo ukachoka baada ya miaka kama kumi, mtu akasogea mbele na panga lake. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na baadaye wakulima wa ushoroba wa Derema, ukanda wa msitu unaounganisha misitu ya hifadhi, wakaondolewa kwenye mashamba yao ya iliki kwa fidia, ambayo hadi leo inazungumzwa kwa uchungu. Kwa hiyo iliki ipandwe tu chini ya miti uliyoipanda mwenyewe, kwenye ardhi yako, na kwa kiasi. Inavunwa mara nyingi kwa mwaka na inaleta fedha ndogo ndogo za nyumbani. Ikikaushwa juu ya moshi inapoteza rangi ya kijani na inashika harufu ya jiko, na hapo mnunuzi mzuri anaiacha.

Pilipili manga ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayeanza. Mwaka wa tatu inazaa. Inapanda juu ya mgliricidia, mti unaochipua fimbo yake ikichomekwa ardhini, au juu ya mfenesi, kwa hiyo mifenesi minne ya shemeji haikatwi. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari inabeba kama miche 450. Kosa letu kubwa Muheza ni kuchuma mapema. Wanunuzi wakubwa hupima uzito wa lita moja ya punje: iliyokomaa hufika gramu 500 na kuzidi, iliyochumwa changa inapepea. Subiri punje moja au mbili kwenye kishada ziwe nyekundu, ndipo uchume kishada chote. Ukizichovya kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa dakika moja kabla ya kuanika, zinakauka haraka, zinakuwa nyeusi sawasawa, na vijidudu vinapungua. Sufuria na kuni tu, hakuna mashine.

Mdalasini wetu mwingi ni wa jamii ya Ceylon, ambao una kumarini, kiini kinachoweza kudhuru ini kikizidi, kidogo sana ukilinganishwa na ule mnene wa Indonesia, China na Vietnam. Huko Ulaya wanaoangalia kumarini wanautafuta huu wetu. Tunavyouvuna ndivyo tunavyoharibu. Sisi tunangoja mti unenepe, tunaubandua gome nene kwa panga, linatoka vipande vipande, tunauza kama magome. Sri Lanka hukata machipukizi ya unene wa kidole gumba au viwili, wanakwangua ngozi ya nje, wanasugua gome kwa fimbo ya shaba mpaka linaachia mti, wanalivua jembamba na kulikunja moja ndani ya jingine kuwa fimbo ndefu. Mti ni ule ule, ila fimbo zile huuzwa kwa bei ambayo magome yetu hayaioti. Kisiki kinachipua tena. Mzee wa msikitini yuko sahihi kwamba mdalasini haumtupi mtu, ila kwa namna hii tunayoubandua, sisi ndio tunaoutupa.

Karafuu ni ya mtu mwenye subira au mwenye watoto. Miaka sita hadi minane kabla ya mavuno ya maana, kisha mti unaweza kukuzika na kuwazika wanao. Zanzibar hupanda kwa futi 30 kwa 30, kama miti 48 kwa ekari, na katikati unaweza kuweka mazao mengine miaka yote ya mwanzo. Kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu.

Nimeyapanga hapa kwa ufupi, shemeji alinisihi nimwekee kitu cha kubandika ukutani:

| Zao | Mavuno ya kwanza | Ukishavuna, linakaa? | Wanunuzi |
|---|---|---|---|
| Mdalasini | Mwaka wa 3 | Linakaa, na mti nao hungoja | Wengi |
| Pilipili manga | Mwaka wa 3 | Mwaka na zaidi | Wengi |
| Karafuu | Mwaka wa 6 hadi 8 | Linakaa sana | Wengi bara, mmoja Zanzibar |
| Iliki | Mwaka wa 3 | Miezi, harufu ikipungua | Wengi |
| Vanila | Mwaka wa 3 | Mbichi siku chache, iliyokaushwa miaka | Wachache |
| Choya | Miezi 4 hadi 5 | Ikiwa kavu, karibu mwaka | Wengi mijini |
| Mchaichai | Miezi 4 hadi 6 | Haukai | Aghalabu mmoja |
| Artemisia | Miezi 6 hivi | Miezi | Mmoja |

Choya sikuieleza kwa sababu milimani si kwake, inafaa zaidi maeneo makavu kama Dodoma. Lakini mwenye shamba la huko asiidharau.

Pemba na Muheza: karafuu moja, soko mbili

Mtu wa Pemba anauza karafuu zake kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kwa sheria hana ruhusa ya kumuuzia mwingine. Bei inatangazwa. Kwa miaka mingi ya muongo uliopita daraja la kwanza lilikuwa Sh 14,000 kwa kilo, na sera ya serikali ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya nje. Anapata miche bila malipo, mkopo wa kuchumia bila riba, na kituo cha kununulia karibu na kijiji. Anapopanda mchumaji mtini, mwenye shamba anajua pishi moja imlipe nini kwa kuwa anajua yeye atalipwa nini.

Mtu wa Muheza hajui. Anaweza kuamka karafuu iko juu kuliko Pemba, akaamka wiki ijayo iko chini yake. Ila akimkataa mnunuzi mmoja, kuna wa pili. Mpemba akiona bei ya Mombasa imezidi, kilichobaki kwake ni jahazi la usiku na kesi ya magendo.

Watu huniuliza upi ni bora. Kwa mwaka wa kawaida, naukubali utulivu wa Pemba, hasa kwa mjane au mzee asiyeweza kuzunguka kutafuta bei. Lakini mnunuzi mmoja ana hatari yake hata akiwa serikali. Zanzibar ilikuwa ikiiuzia Indonesia karafuu nyingi mno kwa ajili ya sigara zao za kretek. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza kufikia miaka ya 1980, soko likakauka, na wazee wa Pemba wanakumbuka miaka ambayo kuchuma kulikuwa hasara, mikarafuu ikaachwa ikaingia mwitu. Hapo hata kuhifadhi hakukufaa kitu. Gunia juu ya chaga hukuokoa na mwezi mbaya, muongo mbaya unataka uwe na zao la pili.

Mchuuzi, kampuni au kikundi

Mimi ni mchuuzi, kwa hiyo nisome ukijua hilo.

Mchuuzi anakuja na fedha mkononi, ananunua hata kilo mbili, hahoji cheti. Mtoto akiugua usiku ni yeye anayegongewa mlango. Ubaya wake ni kisado kilichobonyea, mizani isiyokaguliwa, na mkopo wa kabla ya mavuno unaokulazimisha kumuuzia yeye kwa bei yake. Pia hununua mbichi na kavu kwa bei moja, na kwa kufanya hivyo anamwadhibu aliyekausha vizuri. Nimelifanya hilo miaka yangu ya mwanzo, sikuwa na kipimo cha unyevu.

Kampuni yenye mkataba hukupa mafunzo, ukaguzi na nyongeza juu ya bei ya soko kwa ajili ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea na dawa za viwandani. Ni njia nzuri kwa mtu anayekausha kwa nidhamu. Kabla ya kusaini, soma mstari unaosema bei itapatikanaje, unalipwa baada ya siku ngapi, nani anapima, na mzigo ukikataliwa unarudi kwako au unabaki kwao. Kisha uliza cheti cha kilimo hai ni cha nani. Zamani cheti kilikuwa cha kampuni, kwa hiyo ukigombana nayo, pilipili yako ile ile inakuwa ya kawaida kesho yake. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, Na. 2018/848, inayowabana wauzaji wa kwetu kuanzia 2025, inataka kikundi cha wakulima kiwe na usajili wake kisheria, wanachama wasizidi 2,000, kiwe na mfumo wake wa ukaguzi wa ndani, na cheti kiwe cha kikundi. Kazi ya makaratasi imeongezeka mno, na vikundi vingi vidogo vitashindwa peke yao. Vitakavyoweza vitakuwa na kitu ambacho mkulima wa Usambara hakuwahi kukishika: cheti anachoweza kutoka nacho kwenda kwa mnunuzi mwingine.

Kwa soko la ndani na la watalii, alama ya Kilimohai inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007 ni nafuu zaidi, kwa sababu wakulima wanaweza kukaguana wenyewe chini ya utaratibu wa pamoja.

Kikundi au ushirika unashinda njia zote mbili pale tu mambo mawili yakiwepo: mizani inayoaminika na mtunza fedha anayeaminika. Pasipo hayo, afadhali mchuuzi.

Kiungo au dawa?

Hapa wafanyabiashara wadogo wengi hujikwaa bila kujua. Unga wa majani ya mlonge kwenye pakiti iliyoandikwa "unga wa majani ya mlonge" ni chakula, na tangu 2019 chakula kiko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, na barua hiyo humpunguzia mzigo wa gharama za kuanzia. Andika kwenye pakiti ile ile "hutibu kisukari" na umehama nyumba: sasa ni dawa ya asili, unatakiwa upitie Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililotokana na sheria ya mwaka 2002, uchunguzi wa maabara, na kibali hata cha kuitangaza.

Njia ya dawa ni ndefu na inamfaa mganga mwenye ujuzi wa kurithi na subira ya kufuatilia usajili. Mwenye ekari mbili abaki kwenye chai na viungo. Nasema hivi pia kwa ajili ya mnunuzi, mgonjwa wa kisukari anayeacha vidonge kwa sababu ya maandishi ya kwenye pakiti yako.

Na kuna mimea ya porini ambayo nakuomba usiiguse bila kibali, hata ukionyeshwa fedha. Msandali hung'olewa na mizizi kwa sababu mafuta yako mizizini. Kenya iliupiga marufuku mwaka 2007 na tangu 2013 biashara yake kimataifa inadhibitiwa kwa CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mti ambao Wakikuyu huuita muiri, ambao magome yake hutengenezwa dawa ya tezi dume Ulaya, umo kwenye mkataba huo tangu 1995. Ukilivua gome kuzunguka shina lote, mti umekufa. Shubiri zote nazo zimo, isipokuwa ile ya kupandwa ya Aloe vera.

Kwa wanaotaka kusaidia

Kila mradi unaokuja Amani huanza na miche. Miche inapigwa picha vizuri, nadhani ndiyo sababu. Kama ningeulizwa, ningeanza na vichanja vya kuanikia vyenye wavu na paa la plastiki angavu, na chumba kimoja kikavu chenye chaga kwa kila kijiji. Pilipili inayoanikwa ardhini inapita kuku, inaokota mchanga na vimelea vya kuhara, na hapo bei imeshaanguka kabla mtu hajataja namba. Kipimo cha unyevu kimoja kwa kikundi kingemaliza ugomvi mwingi kati yangu na wakulima wangu.

Na mchuuzi naye asaidiwe. Hili miradi hailipendi, wanatuita walanguzi. Lakini tukipewa mkopo wenye riba ya kubebeka na mizani iliyopigwa muhuri, kwa sharti la kulipa kavu bei ya kavu, tungebadilisha ubora wa tarafa nzima ndani ya misimu miwili, kwa sababu mkulima hufuata kinacholipwa.

Nilichomwambia shemeji

Ekari ya kwanza, pilipili manga kwenye mifenesi na mgliricidia, migomba ibaki katikati mpaka pilipili ishike. Ekari ya pili, mdalasini wa kukatwa machipukizi, na mikarafuu 20 pembeni kwa ajili ya wanawe. Vanila 40 nyuma ya jiko. Mistari miwili ya mchaichai mbele ya nyumba, ya chai.

Akaniuliza na yule bwana wa gari amjibu nini. Nikamwambia amwombe jina la kampuni, amuulize mtambo utakaa kijiji gani na nani ataumiliki, na amwambie arudi naye siku ukishafungwa. Wiki iliyopita alinitumia picha: fimbo za mgliricidia zimekwisha kuchomekwa kuzunguka mifenesi, na mkewe amesimama katikati na ndoo ya maji. Gari halijarudi.